Kamba wa nazi wa njia ya Mikindani: walinuka dawa, na bado nimerudi

Hii nilitakiwa niiandike wiki tatu zilizopita, sio kwamba mi mvivu (mvivu kidogo nipo), ila nilikataa kuandika chochote kabla sijajua mwenye kosa ni nani, mpishi au bahari. Maana maneno yashaanza kuzunguka hapa Mtwara kwamba pale kwa mama wa pweza wanaweka dawa kwenye kamba, na aliyeyaanzisha ni shemeji yangu mwenyewe, kwaiyo na mimi nina deni.

Jina la sehemu silitaji kwa sababu halina. Ni banda la makuti upande wa bahari, unatoka mjini unaelekea Mikindani, mwambie wa bajaji "kwa mama wa pweza" atakushusha, na kama hajui basi huyo sio wa hapa. Meza sita za mbao, viti vya plastiki vya rangi mchanganyiko, kimoja mguu umeunganishwa na waya na lazima ukikalie wewe uliyechelewa. Mbele ni mikoko na matope maji yakikupwa, maji yakijaa unaona ngalawa zinarudi. Upepo upo. Nzi nao wapo, siwezi kudanganya, ila wanakuja zaidi mchana, ikifika saa kumi wanapungua.

Kitu kipya ni bango. Kijana wake mama karudi kutoka Dar kaja na wazo la kuprinti bango la turubai limeandikwa VYAKULA ASILIA 100% HAKUNA KEMIKALI, kalitundika juu ya jiko kabisa. Likumbukeni hilo bango, nitarudi kwake.

Nilienda jumapili na mke wangu na kaka yake, huyo shemeji katoka Mwanza, ni nesi, mtu mpole ila mbishi akianza. Tulifika saa saba kasoro tukasalimia shikamoo mama, marahaba wanangu karibuni, tukaagiza pweza wa kuchoma, kamba wa nazi, wali, na kachumbari. Chakula kimefika saa nane na nusu. Hapo naikata nyota moja na siirudishi. Mama anasema hapiki mpaka mteja afike, sawa, lakini nazi si unaweza ukakuna mapema jamani? Tulikuwa tunamuona dogo kakaa kwenye mbuzi anakuna nazi ya kwetu huku anachati, anakuna mara mbili anaangalia simu, anakuna tena. Kilichotuokoa ni ming'oko, kuna bibi anapita nayo kwenye beseni na pilipili yake, tumekula ya elfu mbili tukisubiri. Shemeji hajawahi kuiona, akaimenya kama kiazi akauliza hii ndo chakula au ndo mzizi wa mti, bibi akamjibu "we kula baba, utauliza ukishiba."

Pweza. Aisee. Pweza wa pale sina neno. Wanamponda juu ya jiwe asubuhi akishatoka majini, unaambiwa hamsini au mia sijui, halafu anachemshwa na maji yake mwenyewe bila kuongezewa, ndo anahamia kwenye mkaa na ndimu na pilipili. Ule mkono unaukata kwa uma, haurudi kama mpira, na vile vikombe vyake vimekauka kwa moto vinalia chini ya meno. Elfu nane sahani. Ningeishia hapo hii ingekuwa nyota tano fupi na tungelala.

Kikaja kamba. Sahani nzuri, wakubwa, na vichwa vyao, rojo la nazi zito lenye binzari na nyanya kidogo, limeachia mafuta juu kama inavyotakiwa. Shemeji akachukua mmoja, akanyonya kichwa kama alivyoniona mimi nafanya, akatafuna, akasimama kutafuna. Akaweka chini. Akasema "hii ina dawa." Nikamwambia acha utani. Akasema "mi nafunga vidonda kila siku, hii harufu naijua, ni ayodini, kama ile dawa ya njano ya kwenye gozi za zamani." Nikaonja wa kwangu, mkia ulikuwa poa tu, nikanyonya kichwa, mamaaa, ni kweli. Kama umefungua kabati la zahanati. Sio harufu ya kuoza, kuoza tunakujua sisi watu wa pwani, na sio ile inayochoma pua na kutoa machozi. Ni dawa. Tena inakaa nyuma ya ulimi, unakunywa maji ipo, unakula wali ipo.

Sasa shemeji badala ya kuongea polepole akaongea sauti ya wodini, meza ya pili wakasikia, wa tatu wakaacha kula. Mama akatoka jikoni na mwiko mkononi. "Dawa gani baba? Kamba wangu nimewachukua mnadani leo Feri saa kumi na mbili, nimewaosha na maji ya bahari, jiko langu halina dawa hata ya mende." Shemeji: "mama mi ni nesi." Mama: "na mi napika tangu hujazaliwa. Kamba wengine ndo wanakuja hivyo, inategemea wamekula wapi." Tukalipa, tukaondoka kwa aibu, mke wangu hajaongea na kaka yake mpaka Ligula.

Sasa mi kazi yangu ni kufundisha kemia kidato cha tano na sita. Na hilo neno la mama, inategemea wamekula wapi, ndo lilinifanya nisilale. Kwa sababu yuko sahihi, tena sahihi kuliko bango la mwanae.

Sikilizeni. Bahari sio chumvi ya mezani tu. Ukichota ndoo ya lita 20 ya maji ya pale mbele ya banda, ukiacha ile klorini ya kwenye chumvi ambayo ni karibu gramu 380, ndani kuna bromini pia, kama gramu 1.3 hivi, kila lita miligramu 65. Imekaa kimya kama chumvi, haina harufu, haina shida na mtu. Wenye shida nayo ni viumbe. Mwani, na hasa minyoo ile inayojichimbia kwenye mchanga na matope ambayo watoto wanaichimba kwa chambo, wana vimeng'enya (protini zinazoharakisha kazi za kikemia mwilini) vinavyoichukua hiyo bromini na kuibandika kwenye molekuli zao. Kimoja maarufu kinaitwa bromoperoksidasi. Kile cha kwenye mwani kina chembe ya metali ya vanadiamu katikati, kiligundulika kwenye mwani wa kahawia wa bahari za baridi, Hans Vilter ndo aliripoti mwaka 1984, na watu walishangaa maana nani alitegemea vanadiamu, kitu cha kukazia vyuma, ikae ndani ya jani la baharini inafanya kazi.

Kinafanyaje? Mmea ukiwa juani unazalisha haidrojeni peroksaidi, ndo hiyohiyo ya duka la dawa inayotoa povu kwenye kidonda. Ni sumu kwa mmea wenyewe. Kimeng'enya kinaikamata hiyo peroksaidi, kinaikalisha kwenye vanadiamu, ikipita bromini ya kwenye maji inanyang'anywa elektroni pale, inageuka kuwa kali, na ikishakuwa kali inatafuta pa kushika. Ikikutana na fenoli, molekuli yenye pete ya kaboni, inaishika. Fenoli ina sehemu tatu ambazo inapenda kushikwa, kwaiyo unaweza ukapata yenye bromini moja, mbili, au tatu. Hizo ndo bromofenoli. Utauliza kwa nini bromini na sio klorini wakati klorini kwenye maji ni karibu mara 300 kwa uzito? Kwa sababu klorini inang'ang'ania elektroni zake, bromini inaachia mapema, na kile kimeng'enya hakina muda wa kubembeleza. (Vipo vinavyoiweza klorini pia, sio kwamba havipo.)

Mnyoo anatengeneza hivyo vitu ili asiliwe na ili bakteria wasimsumbue kwenye shimo lake. Kamba sasa yeye hana habari, anapita chini usiku anakula minyoo, anakula vipande vya mwani, anakula matope na vilivyomo, bromofenoli zinaingia tumboni kwake. Na tumbo la kamba liko wapi? Kichwani. Shemeji alinyonya ghala.

Na hii sio nadharia yangu ya mezani. Australia kule walikuwa na malalamiko hayahaya, kamba wananuka dawa, Frank Whitfield na wenzake mwaka 1988 wakaonyesha kwamba mkosaji ni bromofenoli yenye bromini mbili, 2,6-dibromofenoli, na harufu yenyewe wataalamu wanaiita ya ayodofomu, ndo ile dawa ya njano ya vidonda yenye ayodini, yaani pua ya shemeji ilisoma sawasawa ila ikakosea jina, alidhani ayodini kumbe ndugu yake bromini. Kinachonishangaza mimi ni kiasi. Kwenye maji pua ya mtu inaikamata ikiwa nusu nanogramu kwa lita. Hiyo ni nusu gramu umeimwaga kwenye lita bilioni moja. Nusu gramu ni chumvi ya kushika kwa ncha za vidole jamani! Kwaiyo kamba mmoja akila vibaya usiku mmoja, sahani nzima ya mama inaitwa ya zahanati.

Lakini hapa ndo pananoga. Hizohizo bromofenoli zikiwa kidogo sana, chini ya pale pua inapolalamika, ndo zinaleta ile ladha ya bahari. Ile unayoisikia kwenye kamba, kaa, changu, ambayo ukiambiwa uielezee unasema tu "ladha ya baharini." Ukiitoa unabaki na nyama nyeupe tu. Kwaiyo kitu kilichomfukuza shemeji mezani na kitu kinachonifanya mi nipande bajaji kila mwisho wa mwezi ni kitu kimoja, tofauti ni kipimo.

Shemeji nilimpigia nikamweleza, akaniambia mbona sato wa ziwani hawana mambo hayo. Nikamwambia shemeji umejijibu mwenyewe, ziwa lenu ni maji baridi, bromini kidogo mno, minyoo ya kwenu itabandika nini? Wamarekani walipima samoni, samaki ambaye maisha yake anaishi baharini na mtoni, waliovuliwa baharini wana bromofenoli, waliovuliwa maji baridi hawana. Akakaa kimya. Halafu akaja na ingine, "ila bromini si ni mambo ya viwandani?" Nikamuuliza viwanda gani wakati wa wafalme wa Roma, maana zambarau yao ya majoho ilikuwa inatoka kwa konokono wa bahari na molekuli yake ina bromini mbili. Mwaka 1909 mkemia Paul Friedländer alichukua konokono 12,000 akapata gramu 1.4 za rangi ndo akaijua ni nini. Konokono hao hawakuwa na kiwanda. Akasema sawa mwalimu, kwa ile sauti ya mtu anayetaka kukata simu.

Ila mi sikuridhika na maneno, nikafanya jaribio. Jumamosi iliyofuata nikaamka mapema nikaenda mnadani Feri mwenyewe, nikanunua kilo ya kamba kwenye fungu moja, nikamwona jamaa anawatoa kwenye ndoo, hawana barafu wala unga wowote. Nyumbani nikatenga sufuria mbili. Moja vichwa vitupu, nyingine mikia niliyoimenya na kuitoa ule uzi mweusi wa mgongoni kwa kijiti cha meno, maana ule uzi wengi mnaufikiria mshipa kumbe ndo utumbo. Maji tu, hakuna chumvi, hakuna ndimu, dakika tano. Nikamfunga mke wangu macho na kanga (alikataa, nikabembeleza) nikamnusisha. Sufuria ya mikia akasema kamba. Sufuria ya vichwa akasema "hapa umeniletea ya kaka." Sio kali kama ya siku ile, hawa walikuwa na nafuu, lakini ipo, na jiko langu halina bango wala dawa. Hapo ndo nikajua mama hana kosa.

Nisieleweke vibaya, sisemi kila harufu ya dawa ni ya Mungu. Wapo wafanyabiashara wa ovyo na kila mtu anajua. Ikikuchoma pua na macho yakatoka maji, ondoka. Ikinuka mkojo, kamba kafa zamani, ondoka. Ikinuka kama kiberiti ndo zile dawa za kuzuia kamba wasiwe weusi, na sisi watu wa korosho harufu ya salfa hatuhitaji kufundishwa, mwezi wa sita wa saba ikipulizwa unaila hadi kwenye chai. Ila hii ya zahanati, ya ayodini, ambayo ipo kichwani na mkiani haipo au ni ndogo, hiyo mlaumu mnyoo.

Na kwa kulinganisha tu, wiki hiyohiyo nilialikwa kwenye hoteli moja ya wenye nazo, siitaji, kuna kikao, wakatuletea kamba wa kufugwa wa kwenye friza, wamepangwa kama wanajeshi, sahani elfu thelathini na tano. Laini, weupe, wazuri kwa picha. Hawana bahari hata tone. Ni kama unakula pamba imechovywa kwenye siagi. Na sababu ni hiyohiyo, kamba wa bwawani anakula chakula cha punje, hakutani na minyoo ya maana, hata huko Australia walipopima wa kufugwa na wa baharini, wa kufugwa bromofenoli zilikuwa kiduchu. Bora wa mama mwenye harufu ya nesi.

Sa turudi kwenye bango. HAKUNA KEMIKALI. Mama hawezi kusoma kama miwani haipo, bango sio lake, ila kijana nilimkuta safari ya pili nikamwambia dogo hili bango linakuharibia. Akasema brother watu wanapenda asilia. Nikamwambia asilia ni sawa, hakuna kemikali ndo uongo, tena uongo wa kukugeuka, maana mteja akisikia harufu ya dawa chini ya bango linalosema hakuna dawa, umekwisha. Viumbe vyenyewe ndo viwanda. Orodha ya molekuli zenye klorini, bromini, ayodini au florini zilizotengenezwa na viumbe bila mkono wa mtu inapita 5,000 sasa, kuna profesa wa Marekani anaitwa Gordon Gribble kazi yake ya miaka mingi ni kuzihesabu. Ya kwanza kwanza kujulikana ilitoka kwenye matumbawe mwaka 1896, ile ina ayodini. Nikamwambia hata wewe hapo ulipo, shingoni una kimeng'enya kinabandika ayodini nne kwenye molekuli moja ndo upate homoni ya tezi, ndo maana tunasisitizana chumvi ya madini joto badala ya ile ya kwenye mabwawa tunayoiokota bure. Na ukijikata kidole, seli nyeupe zako zinachukua klorini ya kwenye damu na peroksaidi zinatengeneza kitu kilekile kilichomo kwenye Jik, zinawamwagia bakteria. Yaani mwili wako unapiga Jik ndani kwa ndani. Dogo akanitazama, akatazama bango, akasema "sa niandike nini?" Nikamwambia andika PWEZA. Inatosha.

Kuna jambo moja hapo nilitaka kulisema kwa sababu ni letu. Mwani huu wanaolima akina mama wa pwani yetu, ule wa spinosamu, una tabia hizohizo. Mwaka 1996 Matern Mtolera na Adelaida Semesi, watu wetu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, pamoja na wenzao wa Sweden walionyesha kwamba ukiuchosha ule mwani, jua kali halafu maji yamepanda alikali (kinyume cha asidi), unaanza kutoa gesi zenye bromini na klorini kwa wingi. Yaani ukibanwa, peroksaidi inajaa ndani, kimeng'enya kinafungulia. Mi nimesoma kemia miaka yote na mifano ni ya mwani wa Norway, kumbe wa hapa ulishaandikwa na watu wa hapa. Pale karibu na banda kuna mama mmoja anaanika mwani kwenye turubai, ukipita upepo ukiwa wa kwako unasikia ile harufu, nusu bahari nusu duka la dawa. Nilimuuliza kama anaisikia akasema "harufu gani mwanangu, hapa hakuna harufu," na nimeamini, ukikaa nayo pua inaizoea.

Haya safari ya pili. Nilienda peke yangu, siku ya katikati ya wiki, saa kumi na moja jioni, maji yanajaa. Nimemwamkia mama, akaitikia ila kwa mbali, ananikumbuka. Nikamwomba radhi kwa niaba ya shemeji, nikamwambia mama ulisema kweli, inategemea wamekula wapi. Akacheka akasema "nyie mnasoma ndo mnajua, sisi tunajua ndo mnasoma." Nikamwomba kamba bila vichwa na autoe ule uzi. Akasema rojo halitakuwa na utamu, vichwa ndo mchuzi. Ni kweli kabisa, ndo shida yenyewe, ukitoa kichwa umetoa dawa na umetoa bahari. Tukakubaliana kati, anaweka vichwa viwili vitatu kwenye nazi ya kwanza ikiwa inachemka, ananusa, kama wana dawa anavitoa, kama hawana anaviacha mpaka mwisho. Yaani anaonja fungu kabla ya kupika lote, na akaniambia zamani walikuwa wanafanya hivyo ila siku hizi wateja wanaharakisha. Wateja wanaharakisha! Mimi niliyekaa saa moja na dakika arobaini.

Matokeo: kamba wale, aisee, siwezi kuwaelezea vizuri. Nazi nzito, mkia unakatika, na mwishoni kabisa ukishameza kuna kale kaharufu ka mbali, kama upepo wa mikoko maji yakikupwa. Ningekuwa sijui kanatoka wapi ningesema ni chumvi tu. Nikala na ugali wa muhogo badala ya wali, nawashauri, wali unameza ladha, ule ugali unaisindikiza.

Bei: kamba elfu kumi na tano, pweza elfu nane, wali elfu mbili, ugali wa muhogo elfu moja na mia tano, juisi ya ukwaju elfu moja na ni ya ukweli sio unga. Wanapokea hela ya simu ila namba ni ya dogo, hakikisha mama kaona meseji maana kuna siku walitaka nilipe mara mbili. Chenji wanasahau, ulizia. Choo kipo nyuma, kisafi, maji unachota mwenyewe kwenye pipa, taa hamna kwaiyo usiku nenda na simu. Parking ni mchangani, gari ndogo msiingie sana mkanasa, bodaboda raha mustarehe. Kuku usiagize, sijui hata kwa nini wanaye.

Nyota nne. Moja nimeikata kwa ile saa moja na dakika arobaini na sio kwa kamba, naomba hilo lieleweke na mliosambaza mfute. Ukitaka kuwahi mpigie mama asubuhi umwambie mko wangapi, nazi itakunwa mapema. Jumatatu hawafungui. Bango jana nimepita bado lipo, ila neno KEMIKALI limefunikwa na kipande cha gunia, sasa linasomeka VYAKULA ASILIA 100% HAKUNA, na watu wanapita wanadhani chakula kimeisha.